Lipu ya chokaa kwenye ukuta wa kanisa la kale: saruji iache stoo

Kanisa la Kristo la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873 chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, palepale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na ukuta wa namna hiyo hutengenezwa kwa chokaa. Paa lake la tao ni habari nyingine: lilimiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Fundi akikwambia hata Steere alitumia saruji, mwonyeshe ni wapi.

Jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Ukilibandika saruji, maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma hadi ibanduke vipande vipande.

Kwanza ziba panapovuja: mifereji, paa, madirisha. Bila hivyo kazi ni bure. Kisha gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia patupu, lipu imeachana na jiwe. Ibandue mpaka ufike palipo pazima. Kwangua viungo vya mawe kina cha sentimita 2, fagia vumbi, rowesha ukuta tangu jana yake.

Changanya ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa ikawa uji mzito na ndoo 3 za mchanga mkali, wa chembe zenye pembe, usio wa pwani, kwani chumvi yake ndiyo unayoikimbia. Usiongeze maji ovyo. Ponda na kukandika mpaka mchanganyiko ushike mwiko. Vaa glavu na miwani, chokaa hupofusha.

Jaza mashimo kwanza, kisha piga lipu tabaka la milimita 10, lisizidi. Likwaruze, ulifunike kwa magunia mabichi, usubiri lisibonyee kwa ukucha, kwa kawaida wiki moja, ndipo upige la pili. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu mkandarasi ana haraka. Tabaka nene hupasuka; lililokaushwa na jua hugeuka unga, nalo halitibiki, libandue uanze upya.

Malizia kwa kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5. Rangi ya plastiki hufunga ukuta kama saruji ifanyavyo.