Viwavi wa miombo kwenye mkorosho: kabla hujabeba bomba

Mvua za kwanza zikishanyesha Masasi, Nachingwea au Liwale, taa za nje huanza kupata wageni. Ni nondo wakubwa wa rangi ya kahawia, mabawa yakitandazwa yanafika sentimita 12 hivi, na kila bawa lina doa la mviringo lenye sura ya jicho. Ni nondo wa jamii ya Gonimbrasia, wenyeji wa mapori yetu ya miombo. Wiki chache baadaye watoto wao, viwavi wanene wenye miiba, huonekana wakimaliza majani ya mikorosho na miembe, hasa ile iliyopakana na pori.

Nondo mwenyewe hali chochote. Hana mdomo wa kulia. Anaishi siku chache kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea alipokuwa kiwavi. Jike hutulia tawini usiku akitoa harufu, na dume huifuata kutoka mbali. Kukesha ukiwapiga nondo kwenye taa ni kujichosha, maana wanaofika pale mara nyingi ni madume.

Kinachofaa kutafutwa ni mayai. Jike hutaga kwa mafungu, mayai yamebanana kwenye jani au kuzunguka kijiti, na huanguliwa baada ya siku 10 hivi. Viwavi wachanga hukaa kundi moja, jani baada ya jani. Wakati huo mtu mmoja mwenye mkasi wa kupogolea anaweza kumaliza kazi: kata kitawi chote, kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Wakishakua hutawanyika, na kiwavi wa hatua ya mwisho ndiye anayekula sehemu kubwa ya majani. Ndiyo maana mkulima hushtuka akiwa amechelewa. Dalili ya mapema iko chini ya mti: vinyesi vikavu vyeusi, mfano wa punje za pilipili manga. Ukiviona, inua kichwa.

Sasa suala la dawa. Kwanza, salfa haimuui kiwavi. Hiyo ni ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, itunze mpaka maua yatoke. Pili, dawa kali za wadudu zinazopulizwa Januari huua pia majimoto, wale chungu wekundu wanaojenga viota vya majani mitini, na hao ndio walinzi wako dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu, pale machipukizi mapya na maua yanapotoka. Unamfukuza mgeni wa mwezi mmoja, unamkaribisha adui wa msimu mzima. Mimi sioni faida ya biashara hiyo.

Mkorosho mkubwa wenye afya ukiliwa majani Januari au Februari huchipua tena kabla ya msimu wa maua. Uache. Wasiwasi uwe kwa miche na miti ya chini ya miaka mitatu, ambayo kundi moja linaweza kuibakiza vijiti vitupu, na kwa kizazi cha pili kinachoweza kuja mwishoni mwa masika, karibu na wakati wa kuchipua. Kwa miti hiyo okota kwa mkono, ukivaa glavu, kwani porini wapo pia viwavi wa manyoya yanayowasha na si rahisi kuwatofautisha wote. Wakizidi nguvu zako, muulize afisa ugani kuhusu viuatilifu vya kibaiolojia vya Bt (vinavyotokana na bakteria Bacillus thuringiensis) vilivyosajiliwa. Hivi huwapata viwavi wakiwa wadogo wanapokula jani lililopuliziwa, na majimoto hubaki salama.

Kabla ya kuokota, tazama vizuri. Kiwavi mwenye vidoa vyeupe vilivyogandishwa juu ya ngozi huenda amekwisha kutagiwa na nzi ambaye funza wake watamla kwa ndani. Anayening'inia kichwa chini, mweusi na mlaini, amekufa kwa ugonjwa wa virusi ambao utawaambukiza wenzake. Hao waache hapo hapo.

Viwavi wakishiba hushuka na kujichimbia ardhini, kina cha sentimita chache, wakageuka pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Huko hukaa kiangazi chote wakingoja mvua. Palizi ya juujuu chini ya mti, na kuku wakifunguliwa nyuma ya jembe, hupunguza wengi. Usichimbe kwa kina, kwa sababu mizizi ya kulisha mkorosho iko karibu na uso wa udongo. Na usichome moto kwa ajili yao: pupa aliyefukiwa anaweza kunusurika, mikorosho ikaungua.

Wapo wanaouliza kama wanaliwa. Zambia, Malawi na Kongo viwavi wa miombo kadhaa huliwa, hukaushwa na kuuzwa sokoni. Lakini usile usiyemfahamu, na shamba lililopuliziwa sumu usiokote hata mmoja, wala usifungulie kuku.