Jinsi ya kuomba LIHEAP, msaada wa serikali wa bili ya kupasha joto nyumba Marekani

Mwezi wa kuomba msaada wa bili ya joto ni Oktoba, si Januari. Wengi wetu tunakwenda ofisini Januari, notisi ya kukatiwa gesi mkononi, na kufikia hapo foleni imekuwa ndefu na fungu limeanza kupungua. Ukishika hili moja tu, yaliyobaki ni makaratasi.

Msaada wenyewe unaitwa LIHEAP, nao hutamkwa "lai-hip". Uliwekwa na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1981. Fedha zake, ambazo miaka ya karibuni zimekuwa kama dola bilioni 4 kwa mwaka, hutoka Washington kupitia Wizara ya Afya na Huduma za Jamii, zikagawiwa majimbo. Kuanzia hapo jimbo ndilo linaloamua fomu iweje, dirisha lifunguliwe lini na nani apate kiasi gani. Hata jina hubadilika: Ohio, New York na Maine wanauita HEAP, Minnesota wanauita Energy Assistance Program. Kwa hiyo alichokuambia shemeji yako wa Texas huenda hakina kazi kwako wewe wa Dayton, Ohio.

Si mkopo, na hakuna atakayekuja kukudai baadaye. Ila hakuna pia anayehakikishiwa: fungu likiisha limeisha, hata kama vigezo vyote umevitimiza. Mwaka wa bajeti huanza tarehe 1 Oktoba, na Bunge likivutana, fedha huchelewa. Mwaka 2025 serikali kuu ilifungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba, na majimbo mengi yakakaa bila fungu wakati baridi imeshabisha hodi. Waliokuwa wametuma maombi mapema, majalada yao yalikuwa tayari mezani fedha zilipofika.

Kwanza hesabu watu, kisha hesabu pesa

Fomu inauliza "kaya", na hapa ndipo maombi mengi ya watu wetu yanapokwama. Kaya hapa ni kila anayelala chini ya paa hilo na kutumia joto hilo, awe wa damu au asiwe. Binamu aliyekuja "kwa wiki mbili" na sasa ana miezi sita kwenye kochi ni mtu wa kaya, na mshahara wake ni wa kaya. Ukimficha halafu jina lake likaonekana kwenye mkataba wa pango, umeingia kwenye kesi ya kutoa taarifa za uongo. Umtaje. Mara nyingine kumtaja kunakusaidia, maana kiwango cha kipato hupanda kadiri watu wanavyoongezeka.

Sheria ya serikali kuu inaruhusu jimbo kupokea kaya zenye kipato hadi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo (kile ambacho nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini), kile kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Chini ya asilimia 110 ya kiwango cha umaskini jimbo haliruhusiwi kushusha kikomo. Kwa viwango vya 2025, kiwango cha umaskini kwa watu wanne kilikuwa dola 32,150 kwa mwaka, kwa hiyo asilimia 150 yake ilikuwa dola 48,225.

Chukua baba anayefanya kazi kwenye ghala kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hiyo ni dola 720 kwa wiki, au 37,440 kwa mwaka. Akiwa na mke asiye na kazi na watoto wawili, wamo ndani bila wasiwasi. Mke naye akiajiriwa kwa mshahara huohuo, jumla inakuwa 74,880, na kwa kikomo hicho wametoka.

Hesabu hufanywa kwa mshahara kabla ya makato, si ule unaoingia benki. Slipu ya mshahara ina tarakimu zote mbili, nayo ofisi huangalia ile kubwa. Pesa unazotuma nyumbani kwa mama kila mwezi hazipunguzi chochote. Kwao kipato ni kilichoingia, hawaulizi kimekwenda wapi. Ovataimu nayo inahesabiwa. Majimbo mengi huangalia siku 30 au mwezi mmoja uliopita, na kama ulikuwa msimu wa Krismasi ghalani, mwezi huo unaweza kukuvusha kikomo ilhali mwaka mzima uko chini. Ohio inakubali ushahidi wa siku 30 au wa miezi 12, kwa hiyo piga hesabu zote mbili ujue ipi inakufaa. Kama jimbo lako linaangalia mwezi mmoja tu, hiyo ni sababu nyingine ya kuomba kabla ovataimu za sikukuu hazijaanza.

Ukiwa tayari unapokea msaada wa chakula wa SNAP, au SSI (malipo ya serikali kuu kwa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo), uliza kama huo unatosha kuthibitisha kipato. Baadhi ya majimbo hukubali.

Karatasi za uhamiaji

Mkimbizi, aliyekwisha kupewa hifadhi na mwenye grini kadi wanastahili. Ile ngojangoja ya miaka mitano inayowabana wenye grini kadi kwenye misaada mingine haipo hapa. Uliyepata kadi mwaka jana unaweza kuomba mwaka huu. Aliye bado anasubiri uamuzi wa ombi la hifadhi kwa kawaida hahesabiki, lakini kama nyumbani mna mtoto aliyezaliwa Marekani, kaya inaweza kupata msaada kwa ajili ya wale wanaostahili. Jinsi ya kuwahesabu wengine hutofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo waulize kabla hujajiengua mwenyewe.

Kuna hofu kwamba kupokea msaada kutaharibu grini kadi. Hofu hiyo inatokana na kipimo cha uhamiaji cha kama mtu atakuwa mzigo kwa serikali, na mkimbizi na aliyepewa hifadhi wamesamehewa kipimo hicho na sheria yenyewe. Mwingine yeyote mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia saini, asitegemee ya kuambiwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Makaratasi ya kukusanya

Tafuta bahasha moja kubwa na uweke humo:

- kitambulisho cha mwombaji, na kadi za Soshali Sekuriti za wote walio nazo nyumbani;
- hati za uhamiaji au uraia;
- slipu zote za mshahara za kipindi kinachotakiwa, za kila mtu mzima;
- bili ya sasa ya gesi na ya umeme, kurasa zote;
- mkataba wa pango, au hati ya nyumba kama ni yako.

Mtu mzima asiye na kipato kabisa hatakiwi kuachwa wazi kwenye fomu. Kuna karatasi yake ya kueleza anaishije. Andika ukweli: analishwa na kaka yake, amemaliza kazi mwezi uliopita, anasoma.

Bili iangalie vizuri. Jina lililo juu liwe la mtu anayeishi hapo. Kuna nyumba ambazo gesi imeandikwa jina la mpangaji aliyehama zamani, au la rafiki aliyewapokea uwanja wa ndege na kuwafungulia akaunti. Piga simu kampuni ya gesi ubadilishe jina kabla ya kuomba. Namba ya akaunti inakili tarakimu kwa tarakimu, maana malipo yatapita kwa namba hiyo na sifuri moja ikirukwa yanaweza kuangukia akaunti ya mtu mwingine.

Kama joto limo ndani ya kodi ya nyumba, usikate tamaa haraka. New York, kwa mfano, huwapa kiasi kidogo hata wapangaji wa namna hiyo. Kwingine hawatoi.

Kupeleka ombi

Piga 211, namba ya kuelekezwa huduma za jamii, kutoka simu yoyote, uwaambie unatafuta ofisi ya LIHEAP ya kaunti yako. Au piga namba ya taifa, 1-866-674-6327. Mara nyingi utaelekezwa kwenye shirika la jamii la eneo lako, lile ambalo kwa majina yao huitwa Community Action, na si kwenye ofisi ya serikali. Kiingereza kikikupa shida, sema neno moja tu, "Swahili", usubiri kwenye laini. Mashirika mengi hutumia wakalimani wa simu, na hulipii. Usimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri mambo ya kipato cha baba yake. Si haki kwake, na maneno ya kiofisi yatampiga chenga.

Majimbo mengi yana fomu ya mtandaoni. Ya Ohio ipo energyhelp.ohio.gov. Unaweza pia kutuma kwa posta au kupeleka kwa mkono. Mimi napendelea kupeleka kwa mkono pale inapowezekana, kwa sababu mhudumu huipitia papo hapo na kukuambia kilichopungua. Ukituma mtandaoni, piga picha ukurasa wa mwisho wenye namba ya uthibitisho. Wazee, wenye ulemavu na nyumba zenye watoto wadogo hupewa kipaumbele, na majimbo mengine huwafungulia dirisha mapema, kwa hiyo usiache kuandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja.

Fomu ni bure. Anayekutoza dola 50 "akuingizie mtandaoni" anakuuzia kitu ambacho ofisi inakupa bila senti, na juu ya hayo ameshika namba yako ya Soshali Sekuriti.

Wanaotumia mafuta, ambao ni wengi sana Maine, wana hatua moja ya ziada. Kabla ya kujaza fomu, iulize kampuni inayokuletea mafuta kama imesajiliwa kupokea malipo ya mpango huu. Kama haimo, chagua nyingine sasa, si siku tangi limekauka.

Ukishatuma

Endelea kulipa bili. Narudia kwa sababu hili ndilo linalowaumiza watu: kuomba hakusimamishi bili, na ombi linaweza kuchukua wiki kadhaa. Lipa hata nusu, na uiambie kampuni kwamba umeomba LIHEAP.

Usitegemee hundi. Kwa kawaida pesa huenda moja kwa moja kwa kampuni ya gesi, umeme au mafuta, kisha hutokea kwenye bili yako kama kiasi kilichopunguzwa. Barua ya kukubaliwa itataja kiasi. Ilinganishe na bili mbili zinazofuata. Kiasi hutegemea kipato, idadi ya watu na aina ya nishati, na sheria inataka wenye kipato kidogo zaidi na gharama kubwa zaidi ndio wapate zaidi. Barua ikitaka karatasi ya ziada, angalia tarehe ya mwisho ndani yake. Maombi mengi hayafi kwa kukataliwa, hufia ndani ya bahasha ambayo haikufunguliwa.

Mambo yakiwa yameshaharibika

Kuna fungu la dharura, nalo huenda kwa mwendo mwingine. Kwa mujibu wa sheria, kaya iliyo kwenye dharura ya nishati inapaswa kupatiwa msaada ndani ya saa 48 baada ya kuomba, na ndani ya saa 18 pale maisha yanapokuwa hatarini. Utahitaji ushahidi: notisi ya kukatiwa, au hita iliyokufa, au tangi linaloelekea kuisha. Maine hupima kwa robo ya tangi la kawaida la galoni 275, au chini ya hapo. Shuka chini ya nyumba utazame juu ya tangi: kuna kichupa cha plastiki chenye alama inayoelea. Piga picha alama hiyo. Usingoje ifike chini kabisa, kwa kuwa mafuta yakiisha hita hunyonya hewa na huenda ukahitaji fundi wa kuiwasha tena.

Ohio ina mpango wake wa dharura wa majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, na kwa huo unahitaji miadi na shirika la eneo lako. Ina pia agizo la kurudishiwa huduma: mara moja kila msimu unalipa dola zisizozidi 175, pamoja na ada ya kuunganishwa isiyozidi 36, gesi au umeme unarudi hata kama deni ni kubwa kuliko hapo. Minnesota ina kanuni ya hali ya baridi, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, inayokulinda usikatiwe joto ilimradi umekubaliana na kampuni mpango wa malipo na unaufuata. Haijitokezi yenyewe, ni wewe unayepiga simu kuiomba.

Wakati unasubiri, usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba wala usiache oveni ya gesi wazi kupasha sebule. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, na hewa ya sumu ya kaboni haina harufu.

Ukikataliwa

Barua ya kukataa lazima ieleze sababu, na una haki ya kuomba shauri lako lisikilizwe upya. Siku za kufanya hivyo zimeandikwa humo humo. Soma sababu kwanza: mara nyingi ni slipu moja iliyokosekana au hesabu ya watu isiyolingana na mkataba, mambo unayoweza kurekebisha kwa simu moja. Kama wamekosea kipato, andika barua fupi, ambatisha slipu, weka nakala.

Ukikubaliwa, msaada ni wa msimu huo tu. Oktoba ijayo unaomba upya. Ukiwa bado pale mezani kwa mhudumu, muulize pia kuhusu mpango wa kuziba nyumba dhidi ya baridi, unaoitwa Weatherization. Huo hulipiwa na Wizara ya Nishati, kikomo chake ni asilimia 200 ya kiwango cha umaskini, na mafundi huja kuziba nyufa, kuweka vizuia baridi darini na kukagua hita bila malipo. Mpangaji anaweza kuomba, ila mwenye nyumba lazima aridhie kwa saini, kwa hiyo mtafute mapema. Foleni yake ni ndefu kuliko ya LIHEAP.