Kufundisha Mbinu za Utafiti kwa Zana za Mtandaoni: Mwongozo kwa Wahadhiri

Katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki, somo la mbinu za utafiti limezoeleka kufundishwa kwa fasili. Mwanafunzi hukariri aina za sampuli, hutofautisha utafiti wa kitakwimu na wa kitaamuli (unaochambua maelezo badala ya namba), hufaulu mtihani, kisha akifika mwaka wa mwisho hukwama kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko lake la utafiti. Kupakia slaidi zilezile kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, hakuondoi tatizo hilo. Zana za mtandaoni zina manufaa makubwa kwa sababu nyingine: huhifadhi kila hatua anayopitia mwanafunzi, kuanzia swali lake la kwanza lenye kasoro hadi jedwali lake la mwisho, na hivyo humwezesha mhadhiri kusahihisha utafiti ukiwa bado unafanyika. Maelekezo yanayofuata yamejengwa juu ya jambo hilo.

Jenga muhula mzima juu ya utafiti mmoja mdogo utakaofanywa na darasa lote. Chagua mada iliyo karibu, isiyogusa siri za watu na isiyohitaji nauli kubwa. Mfano ninaoupendekeza ni muda na gharama wanazotumia wanafunzi wanaoishi nje ya mabweni kufika chuoni. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hao ni pamoja na wanaotembea kwa miguu kutoka Changanyikeni, wanaopanda daladala kutoka Makongo na wanaotoka Kimara na Mbezi. Kila chuo kina ramani yake ya namna hiyo. Mada ikiwa ya wote, hakuna mwanafunzi anayeweza kujificha nyuma ya istilahi, kwa kuwa wenzake wanaijua hali halisi na watamhoji.

Kabla ya kuchagua zana yoyote, fikiria gharama ya intaneti. Mhadhara wa saa mbili kwa njia ya video humaliza kifurushi cha mwanafunzi na humwacha nyuma yule aliye mahali penye mtandao hafifu. Rekodi maelezo yako kwa sauti, vipande vya dakika 10 hadi 15, uviambatishe na kurasa chache za maandishi. Programu ya simu ya Moodle humruhusu mwanafunzi kuvipakua akiwa na mtandao na kuvisikiliza baadaye bila mtandao. Vipindi vya moja kwa moja viwe vya kujadiliana kazi zilizokwisha kuwasilishwa. Kundi la WhatsApp litumike kwa matangazo tu, kwa sababu kazi zikipokelewa humo hufukiwa na salamu na picha, na kumbukumbu unayoihitaji hupotea.

Wiki za mwanzo ziwe za swali la utafiti. Moodle ina aina ya jukwaa la majadiliano ambalo mwanafunzi haoni michango ya wenzake mpaka awe ameweka wa kwake. Itumie hiyo. Kila mmoja aandike swali lake, kisha asome ya wenzake na kueleza, kwa maswali mawili atakayochagua, ni data gani ingehitajika ili lijibiwe. Mwanafunzi aliyeandika «Athari za usafiri kwa taaluma» ataulizwa haraka: athari gani, kwa nani, zitapimwaje? Mwombe aandike upya chini ya swali lake la awali bila kulifuta. Baada ya mizunguko mitatu hivi anaweza kufika kwenye swali kama hili: «Je, wanafunzi wa mwaka wa pili wanaotumia zaidi ya saa moja kufika chuoni hukosa vipindi vya saa moja asubuhi mara nyingi zaidi kuliko wenzao?» Safari hiyo kutoka swali la kwanza hadi la mwisho ndiyo somo, nayo inastahili alama.

Kuhusu mapitio ya machapisho, wafundishe wanafunzi kutafuta kwanza mahali ambapo makala za Afrika zinapatikana. Ziko African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, na orodha ya majarida huria ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003. Chuo kilichojiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho bure au kwa bei nafuu, kinafungua pia majarida mengi ya kulipia, ila nywila huwa iko kwa mkutubi, na wanafunzi wengi hawajawahi kuiomba. Anzisha maktaba ya pamoja ya darasa kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo. Kila rejea iingizwe humo ikiwa na dondoo la sentensi tatu au nne lililoandikwa na mwanafunzi mwenyewe: watafiti waliuliza nini, walimhoji nani, na nini hakikujibiwa. Zotero pia huonyesha onyo pale makala inapokuwa miongoni mwa zile zilizoondolewa na majarida yake.

Dodoso linahitaji muda mrefu kuliko unaotengwa katika mihutasari mingi. Hapa ninapendekeza KoboToolbox, ambayo hutumiwa sana na mashirika ya misaada na watafiti wa nyanjani, na ambayo hukusanya data kwenye simu bila mtandao kisha kuzituma mtandao unapopatikana. Fomu yake inaweza kutengenezwa kwenye jedwali la Excel na kuwa na safu mbili za lugha, Kiingereza na Kiswahili, bega kwa bega. Jambo hilo lina uzito kwetu, kwa kuwa tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza ilhali wahojiwa huulizwa kwa Kiswahili, na tafsiri huachiwa mwanafunzi aifanye papo hapo mbele ya mhojiwa, kila mara kwa maneno tofauti. Safu ya Kiswahili ikiandikwa mapema, wote huulizwa swali lilelile.

Kisha wape rasimu yenye makosa ya makusudi wairekebishe. «Je, unaridhika na nauli na muda unaotumia kufika chuoni?» ni maswali mawili ndani ya moja. «Unachelewa vipindi mara ngapi?» halina kipindi cha rejea: wiki iliyopita au muhula mzima? «Daladala hukuchelewesha kiasi gani?» limeshaamua kwamba daladala huchelewesha, na limemsahau anayetembea kwa miguu au anayepanda bodaboda. Baada ya marekebisho, kila mwanafunzi ampigie simu mwenzake, amuulize maswali yote, kisha amwombe aeleze kwa maneno yake kila swali lilikuwa linataka nini. Tofauti kati ya alichokusudia mwulizaji na alichokielewa mhojiwa iandikwe na kuwasilishwa. Ninaamini zoezi hili linafundisha mengi kuliko mhadhara wowote juu ya uhalali wa zana za utafiti.

Sampuli ndilo eneo ambalo ukariri umetudhuru zaidi. Fomula ya Yamane, yaani n = N / (1 + Ne²), ambapo n ni ukubwa wa sampuli, N ni idadi ya watu wote na e ni kiwango cha kosa, imo katika tasnifu nyingi mno za ukanda wetu, mara nyingi bila maelezo ya masharti yake. Kwa watu 2,000 na kiwango cha kosa cha asilimia 5, fomula hutoa 333, na mwanafunzi huona kazi imekwisha. Lakini hesabu hiyo hudhani kwamba kila mtu alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Aliyesambaza kiungo cha dodoso kwa marafiki zake hawezi kuitegemea, hata akipata majibu 333 kamili.

Onyesha jambo hilo kwa vitendo. Tengeneza kwenye Google Sheets orodha ya wanafunzi 2,000 wa kubuni, kila mmoja akiwa na mtaa anaoishi na dakika anazotumia kufika chuoni, wastani wa wote ukiujua wewe peke yako. Kila mwanafunzi anakili orodha hiyo, aweke namba nasibu mbele ya kila jina kwa kutumia fomula ya RAND, azigandishe namba hizo kwa kuzibandika kama thamani, aipange orodha kwa namba hizo, achukue majina 50 ya juu, na aandike wastani wake kwenye jedwali la pamoja. Darasa likiwa na wanafunzi 80, utapata wastani 80, na ukizichora wanafunzi wataona zinavyokusanyika kuzunguka jibu sahihi huku nyingine zikitawanyika kando. Kisha waambie wachukue wanafunzi 400 wa mitaa ya jirani na chuo tu. Sampuli imekuwa kubwa mara nane na jibu limepotoka zaidi. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa mkono wake mwenyewe hataamini tena kwamba wingi wa majibu unaponya uteuzi mbovu.

Wakati wa kukusanya data, zungumza waziwazi juu ya kupika data. Wapo wanaojaza madodoso wakiwa chumbani, na karatasi hazina namna rahisi ya kuwafichua. Fomu ya Kobo inaweza kurekodi saa ya kuanza na ya kumaliza kila mahojiano, hivyo mahojiano ya maswali 30 yaliyomalizika kwa dakika mbili, au kumi yaliyofuatana bila hata dakika ya kupumua, yataonekana. Waonyeshe wanafunzi kumbukumbu hizo tangu siku ya kwanza. Lengo ni wajue kwamba kazi yao inasomwa, na wajifunze kukagua data za wasaidizi wao wa utafiti watakapokuwa nao.

Suala la ridhaa lisisubiri wiki ya mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa hiyo fomu isiombe jina wala namba ya simu isipokuwa pale ambapo swali la utafiti haliwezi kujibiwa bila hivyo, na ukurasa wake wa kwanza ueleze nani anauliza, kwa nini, na kwamba mhojiwa anaweza kuacha wakati wowote. Tenga zoezi la darasani na utafiti wa tasnifu, ambao una taratibu zake za vibali: nchini Kenya leseni hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na nchini Tanzania tafiti za afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Kwa uchambuzi, acha kuwasukuma wanafunzi kwenye nakala za wizi za programu za kulipia. Jamovi na JASP, programu za takwimu, ni za bure na zinatosha kabisa kwa shahada ya kwanza. Kwa mahojiano ya kitaamuli, Taguette, nayo ya bure, hutosha kuweka misimbo, yaani alama za mada, kwenye matini. Anayetaka data kubwa zaidi ya za darasa apelekwe kwenye Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni ya wananchi barani Afrika, ambayo hutoa data zake bure, au kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia yenye tafiti za kaya za Tanzania zilizofanywa kwa awamu tangu 2008/09.

Programu za akili unde zimebadilisha namna ya kusahihisha. Ripoti ya mwisho pekee haithibitishi tena kwamba mwanafunzi ameelewa, na programu hizo huweza kubuni marejeo yasiyokuwepo. Mtaala uliojengwa kwa namna niliyoeleza unajilinda kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kila rejea lazima iwe kwenye Zotero ikiwa na dondoo, na kila jedwali lazima litokane na data zilizomo kwenye Kobo. Ninashauri ripoti ipewe asilimia 30 tu ya alama za kozi, zilizobaki zigawanywe kwa hatua za awali na mahojiano ya mdomo ya dakika kumi kwa kila mwanafunzi. Katika mahojiano hayo fungua kumbukumbu zake mwenyewe na umuulize: kwa nini uliondoa swali la tatu la dodoso? Majibu haya manne uliyatupa kwa sababu gani? Ungepata nini kama ungewahoji wa Kimara peke yao? Kwa darasa kubwa, gawana kazi na wahadhiri wasaidizi mkitumia orodha moja ya vigezo, na utangaze ratiba mapema. Mwenye mtandao dhaifu apigiwe simu ya kawaida, awe na nakala ya jedwali lake mbele yake, na ahojiwe kwa vigezo vilevile.