Laptopu inaisha chaji ikiwa imelala? Cheki mem_sleep kwanza
Kama unatumia Linux na laptopu ukiifunga usiku asubuhi unakuta chaji imeisha au ina joto, usikimbilie kulaumu betri, fungua teminali andika cat /sys/power/mem_sleep (faili linaloonyesha aina ya usingizi mashine inayotumia) uone nini kiko ndani ya mabano. Ikiwa ni [s2idle] ujue mashine inasinzia tu, prosesa bado ina umeme, na kifaa kimoja kikigoma kulala basi chaji inaondoka hivihivi. Ukiona na deep (usingizi mzito, karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa RAM) iko pembeni, ingia kama ruti (mtumiaji mwenye mamlaka yote) ujaribu echo deep > /sys/power/mem_sleep, halafu ilaze na kuiamsha mara kadhaa, maana kuna mashine zikiingia deep haziamki vizuri, skrini inabaki nyeusi (sevu kazi zako kwanza jamani). Ikikubali ndo uongeze mem_sleep_default=deep kwenye paramita za kerneli (maagizo ambayo kiini cha Linux husoma mashine ikiwaka), la sivyo ukiwasha upya inapotea. Deep haipo kabisa? Hapo kerneli haina la kufanya, pekua mipangilio ya BIOS (programu inayowaka kabla ya Linux), watengenezaji wengine wameificha huko. Ila kama shida ni kuamka yenyewe soma /proc/acpi/wakeup, kifaa chenye enabled ndo kinaruhusiwa kuiamsha.