Umebadilisha chupa, sumu ni ileile

Wakulima wa mahindi huja na chupa tatu tupu wakilalamika kwamba kiwavijeshi vamizi hafi, ilhali wamebadilisha dawa kila mara. Ukisoma lebo, ya kwanza ni cypermethrin, ya pili lambda-cyhalothrin, ya tatu profenofos iliyochanganywa na cypermethrin. Jina la dukani limebadilika na bei imepanda, lakini sumu ya kundi 3A imo katika zote tatu (namba ya kundi huonyesha namna sumu inavyomuua mdudu). Huko si kubadilisha dawa, ni kubadilisha rangi ya chupa.

Kupanda mapema na kukagua shamba mnajua, sirudii. Nataka muelewe kinachoendelea tumboni mwa huyo kiwavi.

Ana ukoo wa vimeng'enya uitwao saitokromu P450. Ni protini zenye chembe ya chuma katikati. Huchukua oksijeni na kupachika atomu yake moja kwenye sumu, na mara nyingi sumu hiyo hupoteza makali na kuwa rahisi kutolewa mwilini. Binadamu tuna jeni 57 za ukoo huu. Mdudu huyu ana zaidi ya 100. Zimeongezeka kwa sababu jeni hujirudufu kwa bahati: nakala moja hubaki na kazi ya zamani, nyingine huwa huru kubadilika. Vimeng'enya vinavyotengeneza homoni ya kujivua gamba havijabadilika sana, maana kiwavi asiyejivua hufa. Vilivyozaana ni vya matawi ya CYP6 na CYP9, vinavyovunja sumu za mimea. Mahindi nayo, yakiwa machanga, hutumia P450 zake kutengeneza sumu ya kujikinga. Wadudu na mimea wameshindana hivi kwa mamilioni ya miaka. Dawa ya dukani imeingia juzi tu. Tena alipogunduliwa Afrika mwaka 2016, kiwavi huyu alikuwa ameshapigwa dawa Amerika kwa miaka mingi.

Dawa haimfundishi kiwavi kitu. Inawaua wenye vimeng'enya dhaifu na kuwaachia shamba wenye vikali wazaane. Ukirudia kundi lile lile, unawachagulia wazazi.

Kwa hiyo soma namba ya kundi, na kama lebo haina, soma jina la kiambato. Chlorantraniliprole ni kundi 28, emamectin benzoate ni 6, spinetoram ni 5. Penye joto, kizazi kimoja huchukua takriban siku 30. Kundi ulilotumia ndani ya siku 30 hizi lisiguse shamba siku 30 zinazofuata. Chupa yenye viambato viwili hesabu makundi yote mawili. Hata hivyo kimeng'enya kimoja chaweza kuvunja sumu za makundi tofauti, hivyo usinyunyize pasipo na haja.

Sasa kipimo, na hapa nitakuwa mkali. Kizibo si kipimo! Pima eneo la mita 10 kwa 10, linyunyize kwa maji matupu, uone umetumia lita ngapi, kisha zidisha kwa 40 upate maji ya ekari. Ukitumia lita 2, ekari inataka lita 80: pampu 5 za lita 16, au 4 za lita 20. Tuseme lebo inataka mililita 80 kwa ekari. Pampu ya lita 16 itapata mililita 16, ya lita 20 itapata 20. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, na usilirudishe nyumbani kwa kazi nyingine. Ukipunguza ili chupa ifike mwisho wa shamba, wenye vimeng'enya vya wastani nao wanapona.

Nyunyiza kiwavi akiwa chini ya sentimita 1, jioni, ukielekeza kwenye moyo wa mhindi. Aliyefika sentimita 3 amejificha chini ya kinyesi chake na karibu anashuka udongoni kuwa pupa, hatua ya kabla ya kuwa nondo. Dawa ya hapo ni hasara.

Majani mapya yakitoka bila matundu, imefanya kazi.

Kila unaponyunyiza, andika tarehe na namba ya kundi kwenye daftari, na uende nalo dukani. Muuzaji akikwambia "hii ni mpya, kali zaidi," mwonyeshe namba ya mwisho na umwombe nyingine.