Kuchomoa magazini hakutoshi
Marekani, tangu mwaka 2020, silaha za moto ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19, zimezipita hata ajali za magari. Kama unaishi huko na kuna bastola ndani, anza kwa kuitoa risasi.

Kosa linaloua ni hili: mtu anachomoa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), anadhani bastola ni tupu. Kumbe risasi moja bado imekaa kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuka, na bastola nyingi hufyatuka hata bila magazini. Elekeza mdomo wa bastola pasipo na mtu, kidole mbali na kifyatulio. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayosogea) nyuma mpaka mwisho. Ukigeuza mpangilio, unaingiza risasi nyingine. Tazama chemba, kisha ipapase kwa kidole.

Pitisha kufuli la kebo kwenye tundu la kutolea maganda, litokee pa magazini, ufunge. Vituo vingi vya polisi huligawa bure. Risasi zifungie kwingine, kwa funguo nyingine. Juu ya kabati si maficho, watoto wanapajua.

Kijana akionyesha dalili za kukata tamaa, silaha itoke nyumbani kabisa. Wazo la kujiua huweza kupita, lakini risasi mara nyingi haimpi nafasi ya pili. Piga 988, simu ya msaada ya Marekani kwa wanaowaza kujiua, saa yoyote.

Na mwanao akialikwa kucheza kwa jirani, uliza bila haya: "Mna bunduki? Imefungiwa?"