Orodha ya wanachama inapoombwa: jinsi ya kupima suala la faragha kwa nadharia za maadili

Msimu wa masoko ya tumbaku, karani wa chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima aliniletea kompyuta ya chama dukani kwangu, Tabora mjini. Nilidhani ina virusi. Kumbe kuna mfanyabiashara wa vifaa vya sola aliyeomba orodha ya wanachama: jina, namba ya simu na makisio ya kila mkulima, yaani kiasi cha tumbaku anachotarajiwa kuvuna. Akaahidi kuchangia bati za ghala. Bodi ikagawanyika, na karani akabaki katikati. "Kaka, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Niambie kama ni kosa ili nikawaambie wazee."

Kompyuta haijibu swali hilo. Nilisoma maadili ya TEHAMA chuoni, lakini nilikuwa sijawahi kukaa na mtu mwenye jambo halisi mkononi na kulipima hatua kwa hatua. Tulianza baada ya magharibi, tukamaliza saa tano usiku. Ninaiandika njia tuliyopita kwa ajili ya makarani, mafundi, wakala wa fedha, walimu na yeyote mwenye daftari la majina ya watu.

Chukua karatasi na kalamu. Usifungue faili lenyewe, wala usilibandike kwenye programu ya akili bandia ili ikushauri, kwa sababu hapo utakuwa umeshazitoa taarifa za watu kabla hujaamua kama ni halali kuzitoa. Watu waite A, B, C.

Hatua ya 1: Andika kilichopo, bila kusema kizuri au kibaya

Faili lina nini, lilitoka wapi, liko kwenye vifaa gani, nani ana nywila. Usiandike "taarifa za kawaida". Taja safu moja moja. Sisi tulikuta kuna safu ya namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo haikuombwa lakini ingekwenda pamoja na faili. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo anayeipata amepata pia tarehe ambayo watu wengi huifanya namba ya siri ya simu.

Kisha uliza: nani mwingine ana nakala? Karani alinyamaza kidogo. Katibu aliyepita alikuwa amelituma faili zima kwenye kundi la WhatsApp, ambalo lina wajumbe wa bodi na watu wengine walioongezwa baadaye. Mambo yakawa mawili: ombi la leo, na kuvuja kwa jana. Ukipata mawili, chora mstari katikati ya karatasi na uyapime kila moja peke yake. Yakichanganywa, hoja ya "si limeshatoka, tutoe tu" itakushinda.

Hatua ya 2: Taja wanaoguswa

Wanachama, bodi, karani, mfanyabiashara. Halafu watafute wasioonekana. Vijijini simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na namba iliyoandikwa mbele ya jina la mzee inaweza kuwa ya mkewe au ya mwanawe aliyeko Nzega. Huyo hajawahi kuwa mwanachama wa chochote. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, watu wengi walikuwa wameshapigiwa simu na kudaiwa madeni yasiyo yao, kisa tu namba zao zilikuwa kwenye simu ya aliyekopa. Mwandike na huyo.

Hatua ya 3: Pima matokeo

Hapa ni kwa Jeremy Bentham na John Stuart Mill, wanafalsafa wa Uingereza: kitendo bora ni kile kinacholeta heri kubwa zaidi kwa wote wanaoguswa. Bentham alitoa vipimo saba vya raha na maumivu. Kwa masuala ya taarifa mimi hutumia vitatu tu, na nakushauri ufanye hivyo: uhakika, muda, na idadi ya watu.

Upande wa faida tuliandika bati na taa za sola. Faida ya kweli, inayomgusa kila mwanachama kidogo. Upande wa hasara tuliandika ujumbe ambao kila Mtanzania anaujua: "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa fikiria unatumwa na mtu anayejua jina lako, makisio yako na wiki ambayo malipo yanaingia benki. Mkulima anayetilia shaka ujumbe wa kubahatisha atauamini huo. Si lazima mfanyabiashara awe tapeli. Inatosha kijana mmoja wa dukani kwake anakili faili hilo.

Muda ndio unaosahaulika. Bati huchakaa, laini ya simu hubadilishwa, lakini namba ya NIDA unakwenda nayo kaburini.

Karani alitaka kuandika bei ya bati upande mmoja na kuweka hasara kwa shilingi upande wa pili, atoe jumla. Nilimzuia. Ukishaweka shilingi, hasara ya mtu mmoja aliyeibiwa malipo ya msimu mzima inamezwa na furaha ndogo ndogo za watu mia tatu, na karatasi itakuambia ni sawa. Andika pembeni: hasara inamwangukia nani, na je, ndiye anayepata faida?

Hatua ya 4: Pima kanuni ya kitendo

Hatua hii ilitula zaidi ya saa mbili. Isome polepole.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, anasema: tenda kwa kanuni ambayo ungetaka iwe sheria kwa watu wote. Inaonekana rahisi. Ugumu ni kwamba lazima kwanza uiandike kanuni ya kitendo chako, na jinsi unavyoiandika ndivyo itakavyokujibu.

Mara ya kwanza tuliandika: "Chama kitoe taarifa za wanachama kwa anayewaletea maendeleo." Nani atapinga maendeleo? Ilipita, nasi wote wawili tulijua kuna kitu hakijakaa sawa. Mara ya pili tukaruka upande wa pili: "Chama kisitoe kamwe taarifa ya mwanachama kwa mtu wa nje." Hiyo nayo haisimami, maana benki ni mtu wa nje, na bila jina na akaunti mkulima halipwi. Tulizunguka hapo muda mrefu, tukiongeza "isipokuwa" moja baada ya nyingine hadi sentensi ikajaa ukurasa.

Kilichotutoa ni kuacha kumtazama anayepokea na kumtazama aliyetoa. Kanuni ya kitendo cha taarifa iwe na mambo manne: nilipewa kwa kazi gani, sasa naitumia kwa kazi gani, nimemuuliza aliyenipa au sikumuuliza, na sababu yangu ni nini. Hakuna jina la mtu, hakuna neno la kusifu kama "maendeleo" au "fursa". Tukapata hii: "Nikipewa taarifa kwa kazi moja, nitaitumia kwa kazi nyingine bila kumuuliza aliyenipa, nikiona kuna manufaa."

Sasa ifanye iwe ya wote: karani, wakala, nesi, mwalimu, kila mwenye daftari. Mkulima akijua hivyo atatoa namba isiyo yake na atataja makisio pungufu. Makisio yakiwa ya uongo, pembejeo zitakosewa, na orodha haitakuwa na kazi kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye sola. Kitendo kinahitaji watu waamini, na kikifanywa na wote kinaua imani hiyohiyo. Hapo ndipo kanuni inaanguka. Malipo ya benki hayaanguki, kwa kuwa namba ya akaunti ilitolewa kwa kazi hiyohiyo ya kulipwa.

Kuna mahali pa kuteleza. Kant ana namna ya pili ya kusema jambo hili: usimtumie mtu kama njia tu, mchukulie pia kuwa lengo lenyewe. Neno zito ni "tu". Chama kinawatumia wakulima kupata tumbaku, na wakulima wanakitumia chama kupata soko, hakuna kosa. Kosa linakuja pale mtu anapogeuzwa kuwa bati bila kujua.

Na kuna idhini. Mwenyekiti alikuwa amesema wanachama walishakubali, kwa sababu fomu ya kujiunga ina mstari "taarifa zangu zitatumika kwa shughuli za chama" na dole gumba chini yake. Usikubali wala usikatae kabla hujajaribu hivi: wasomee mstari huo wanachama watatu, waulize wanaelewa nini. Karani aliwapigia palepale. Mmoja alisema malipo, mmoja pembejeo, mmoja mikutano. Hakuna aliyesema sola. Kisha uliza swali la pili, ambalo mimi huliona zito kuliko la kwanza: akikataa, anapoteza nini? Kama atanyimwa mbolea, dole lake si idhini hata kama alisomewa kila neno.

Hatua ya 5: Uliza taarifa ina mahali gani

Helen Nissenbaum, mwanafalsafa aliyeko Marekani, anatufundisha kwamba faragha haina maana ya kuficha kila kitu. Taarifa husafiri kwa desturi za mahali ilipotolewa: nani anatoa, nani anapokea, ni ya nani, ni ya aina gani, na kwa sharti lipi. Badilisha kimoja kati ya vitano na uangalie kama desturi imevunjika. Makisio husemwa wazi kwenye mkutano wa chama. Yakifika kwa muuzaji, yamekuwa kitu kingine.

Wazee wetu wana neno fupi zaidi: amana. Nilipomwambia karani aseme "amana" badala ya "data" mbele ya bodi, kazi ilikuwa nyepesi. Mtu akikuachia mbuzi wake umlishie, humkodishi kwa jirani.

Hatua ya 6: Jipime wewe

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anauliza mtu mwema angefanya nini, na ujasiri wake uko kati ya woga na pupa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwenye mfumo wa chama kata ni karani na fundi. Mimi naweza kufungua kila faili ninalotengeneza. Sifungui nisichotumwa.

Hatua ya 7: Sheria

Iweke mwisho, vinginevyo watu wataacha kufikiri. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa, na inamtaka mkusanyaji aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi usalama wa taarifa unapovunjwa.

Hatua ya 8: Amua na utekeleze

Kwa ombi la leo, nadharia zote zilielekea upande mmoja. Karani aliandika pendekezo la sentensi mbili: orodha haitolewi, mfanyabiashara anakaribishwa kwenye mkutano wa wanachama, aeleze sola yake, anayetaka amwandikie namba yake mwenyewe.

Kwa kuvuja kwa jana zilivutana. Matokeo yalionya kwamba kutangaza kungeleta hofu katikati ya masoko. Kant na amana vilidai wenye taarifa waambiwe. Zikivutana, mimi humpa uzito anayebeba hatari bila kujua kwamba anaibeba. Tulikubaliana waambiwe, lakini waambiwe pamoja na la kufanya: abadilishe namba ya siri kama ni mwaka wake wa kuzaliwa, apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ujumbe wa kitapeli autume kwenda 15040, na akipigiwa simu kuhusu malipo, akate, aje ofisini.

Faili kwenye kundi lifutwe na msimamizi kama WhatsApp bado inaruhusu, huku mkijua kwamba aliyelipakua bado analo. Kwa hiyo karani alimpigia kila mtu aliyekuwa kwenye kundi, akamwomba alifute, na akaandika jina na tarehe ya jibu kwenye daftari la mihtasari. Wawili walikuwa hawajajibu alipoondoka na basi la asubuhi.